Majira ya Baridi Yana Shahidi Wake Ziwani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wakazi wa Nakuru mliofika kutusikiliza.

Wanaonifahamu wanajua kwamba jambo hili nimelisema katika kila kikao nilichopewa nafasi, nami nitaendelea kulisema: mchoro unaodai kuonyesha joto la karne zilizopita bila kutaja ni joto la majira gani haujakamilika, na mara nyingi unapotosha.

Yatazameni mashapo ya maziwa ya Ulaya, yaani matope yaliyotulia tabaka kwa tabaka chini ya maji. Watafiti hutafuta humo chavua, na vichwa vya mabuu ya wadudu walio jamaa ya wale wanaozingira taa za Kisumu jioni. Viumbe hivyo hukua wakati wa joto, kwa hiyo hesabu zinazotokana navyo kwa kawaida ni za Julai, ambao huko Ulaya ni mwezi wa joto. Miti ya milimani nayo hunenepesha pete za ndani ya shina lake katika majira hayohayo. Kisha mtu huzikusanya kumbukumbu hizo zote na kuziita joto la mwaka! Shahidi aliyekuwa amelala usiku wa tukio haitwi mahakamani kueleza yaliyotokea usiku huo, hata kama mchana wake anaukumbuka saa kwa saa.

Je, majira ya baridi yana shahidi gani? Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu wa kazi yetu. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Ziwa likifunikwa na barafu, maji baridi kuliko hayo hukaa juu na yenye nyuzi 4 hukaa chini, mpaka barafu iyeyuke, maji ya juu yapate joto, na upepo uweze kulivuruga ziwa lote na kupandisha virutubisho kutoka chini. Baridi ikiwa kali na ndefu, mvurugo huo huchelewa. Ikiwa nyepesi, huja mapema. Sasa, wako mwani wadogo waitwao krisofiti, ambao wengi wao hustawi kwenye maji baridi karibu na wakati huo, na kila aina ina majira inayoyapenda. Mwani hawa hutengeneza vifuko vya silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga na kioo, vyenye maumbo tofauti, ambavyo huzama, hutulia katika matope na hudumu humo kwa maelfu ya miaka. Mtafiti huvikusanya kutoka maziwa mengi ya leo ambayo baridi yake imepimwa kwa vipimajoto, hujifunza ni vifuko gani huambatana na baridi ya namna gani, kisha huyasoma mashapo ya kale kwa ufunguo huo. Kwa njia hii, Ziwa Silvaplana huko Uswisi na Ziwa Żabińskie huko Poland yametupa historia ya majira ya baridi ya takriban miaka 1,000. Kule Poland kilichokadiriwa hasa ni idadi ya siku ambazo maji hukaa chini ya nyuzi 4, nami naisifu kazi hiyo kwa sababu inataja waziwazi inachokipima.

Nimekwisha kuulizwa kwa nini tusiyapime majira ya joto tu, tukaikisia baridi kutokana nayo. Tukumbuke Pinatubo, volkano ya Ufilipino iliyolipuka Juni 1991. Majira ya joto ya 1992 yalikuwa ya ubaridi katika sehemu kubwa za kaskazini mwa dunia, ilhali baridi ya 1991–1992 ilikuwa nyepesi kuliko kawaida kaskazini mwa Ulaya. Mkisia hapo atakosea hata mwelekeo. Tena, miaka 10,000 hivi iliyopita, mzunguko wa dunia uliyapa majira ya joto ya kaskazini jua jingi kuliko leo, na majira ya baridi jua pungufu. Kumbukumbu nyingi zinaonyesha ubaridi ukiongezeka katika miaka elfu sita iliyopita huku modeli za tabianchi, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa ya muda mrefu, zikionyesha joto likipanda, na sehemu ya mvutano huo yaweza kuwa ni kwamba kumbukumbu hizo zilikuwa zikisimulia majira ya joto peke yake.

Wengine husema kwamba sisi wa Bonde la Ufa hatuna barafu, basi haya hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Mashapo ya Naivasha, hasa ya shimo la volkano lililo kando ya Kisiwa cha Crescent, ambalo hubaki na maji hata ziwa kuu linapopungua, yametupa historia ya miaka 1,100: ukame kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, kisha maji mengi kwa ujumla hadi karibu 1850, yakikatizwa na vipindi vitatu vya ukame. Hiyo ni historia ya maji, yaani mvua na mvukizo, na anayeichomoa kumbukumbu hiyo akaiweka kando ya majira ya baridi ya Poland kana kwamba zote mbili zimepima joto hatendi haki kwa ziwa lolote kati ya hayo mawili. Ziwa letu la Nakuru lina shida nyingine: ni la kina kifupi, upepo huvuruga matope yake, na huweza kukauka karibu lote, kwa hiyo kurasa nyingine za kumbukumbu yake hazipo kabisa.

Kuhusu kutambua umri wa tabaka za matope kwa risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, na kwa seziamu 137, mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yenye kilele cha 1963, muda hauniruhusu. Nitaje tu Ziwa Suwa la Japani, ambako makuhani wamekuwa wakiandika tarehe ya kuganda kwa maji tangu 1443, ili mjue kwamba baridi imewahi kuandikwa na mikono ya watu pia. Wanafunzi mtakaoleta michoro yenu kwangu mwezi ujao, andikeni jina la majira kwenye mstari wa joto kabla hamjanikabidhi. Sasa naomba maswali.