Mwili Uliofukuzwa Darasani

Asante, mwenyekiti. Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wazee wetu mliopanda ngazi zote hizo jioni ya leo, karibuni.

Nitaanza na tupa. Namaanisha kile chuma chenye meno ambacho fundi husugulia chuma kingine. Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani yetu, yuko gerezani Pate, miguu na mikono imo minyororoni, na siku ya kuuawa inakaribia. Kijakazi wa mamake, Saada, humletea chakula kila siku, na kila siku walinzi hukila wao. Liyongo anamtuma Saada kwa fumbo: mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanamwachia mfungwa wao. Hadi hapo wengi wenu mnaijua hadithi. Swali ninalowauliza wanafunzi wangu kila mwaka ni hili: tupa ikisugua mnyororo, inalia. Mlinzi amesimama mlangoni. Mbona hakusikia?

Hakusikia kwa sababu palikuwa na ngoma. Liyongo aliulizwa haja yake ya mwisho, akaomba achezewe gungu, ngoma ya pwani. Mamake akaandaa, watu wakakusanyika nje, wakaja na ngoma, matoazi na pembe. Liyongo anaanzisha wimbo akiwa ndani, wao wanaitikia nje, na kila wanapoitikia yeye anasugua. Wakinyamaza, naye ananyamaza. Wakipandisha sauti, anakaza mkono.

Sasa niambieni nani aliyemkomboa Liyongo. Tumezoea kujibu kwamba ni ushairi wake. Fumbo lilileta tupa, sikatai. Lakini mnyororo ulikatika kwa sababu ya vifua vilivyopuliza pembe na miguu iliyokanyaga ardhi kwa pamoja. Wangekaa kimya kama tulivyokaa sisi hapa, kila mmoja na kijitabu chake, Liyongo angeuawa na sisi tungebaki na shairi zuri.

Na kifo chake je? Mwanawe anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta mshale, anafia hapo hapo. Mji mzima unakosa maji. Hakuna anayethubutu kusogea, maana wanadhani yu hai. Hasemi neno, haghani ubeti. Goti na mkono uliovuta uta vinautawala mji hadi mwili unapoanguka wenyewe. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga utenzi wa Liyongo ninaousimulia, mwaka 1913, alikuwa mchongaji na mwanamuziki, mtu wa mikono. Hakuweka kisa hiki pale ili kijaze beti.

Siku moja nilialikwa katika darasa la kidato cha tatu. Somo lilikuwa ngoma. Wanafunzi arobaini na kitu wananakili ubaoni: sifa za ngoma, umuhimu wa ngoma, hasara za ngoma. Nikawaomba wasimame watuchezee moja, yoyote ile. Mwalimu akanishika bega kwa upole, akaniambia tutawasumbua walio darasa la jirani. Simlaumu yeye, mtihani unamsubiri. Lakini nilitoka pale moyo umeniuma, na bado unaniuma. Tumewafundisha watoto kuorodhesha viziada lugha, yaani miondoko inayosaidia maneno, ishara za uso na matumizi ya maleba, yaani mavazi ya mchezo, huku wamefungwa kwenye madawati. Mwili tumeufukuza darasani, kisha tunautungia maswali ya alama tano.

Mtaniambia hilo ni jambo la silabasi, siasa inaingilia wapi. Inaingia kwa sababu wenye mamlaka katika Kenya yetu hii hawajawahi kufanya kosa letu. Wao wanajua nguvu iko wapi. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alizindua riwaya ya Kiingereza inayowakemea matajiri wa nchi hii, na mgeni wa heshima alikuwa waziri wa fedha. Mwaka huo huo wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, wakapanda jukwaani walilolijenga kwa mikono yao, wakaigiza maisha yao wenyewe katika tamthilia ya Ngũgĩ kwa lugha ya Gĩkũyũ, *Ngaahika Ndeenda*. Novemba leseni ya mchezo ikafutwa. Desemba mwandishi akatiwa kizuizini.

Najua mtakachosema, nimeambiwa mara nyingi: tatizo lilikuwa lugha. Ngũgĩ mwenyewe aliisisitiza lugha, na alikuwa na haki. Ila tazameni kilichofuata. Mwaka 1980 tamthilia ile ilichapishwa kwa Gĩkũyũ kile kile, ikauzwa madukani. Kitabu kikauzwa, mchezo haukuruhusiwa. Machi 1982 polisi walipokwenda Kamĩrĩĩthũ walibomoa nini? Walibomoa jukwaa na viti, yaani mahali pa kukalia watu. Na riwaya ya *Matigari* ilipoondolewa madukani, mwandishi anasimulia kwamba serikali ilikuwa imesikia watu wakimzungumzia mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akidai haki, ikaagiza akamatwe. Kitabu kilishikwa pale kilipodhaniwa kuwa kina miguu.

Tokeni nje mkimaliza hapa, muitembee Harry Thuku Road, hapa hapa Nairobi. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi kudai Thuku, kiongozi aliyekamatwa na wakoloni, aachiliwe. Viongozi wanaume wakaomba watu watawanyike, na baadhi wakaanza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjirũ akapandisha gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasonga langoni. Askari wakapiga risasi, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Barabara ina jina la Thuku. Hilo halitoshi, na nitaendelea kulisema.

Miaka sabini baadaye, ng'ambo ya Uhuru Highway, mama za wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park wakigoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Machi 3, 1992, polisi waliwavamia kwa gesi na marungu. Baadhi ya wale kina mama wakavua nguo. Hapa ndipo huwa napandwa na hamaki, kwa sababu hata wasomi huniambia ile ilikuwa aibu tu, haihusiani na fasihi. Jamani, fungueni vitabu vyenu vya fasihi simulizi! Mumo humo mna utanzu unaoitwa maapizo. Mnawafundisha watoto kwamba maapizo hutolewa na mtu mwenye mamlaka ya kuapiza, mahali maalumu, mbele ya mkosaji. Mama aliyezaa, anayemwonyesha askari wa umri wa mwanawe mwili uliozaa: mamlaka mnayataka yapi zaidi? Askari waligeuza nyuso. Walikuwa hadhira, na waliuelewa utanzu ule kuliko watahini wetu. Wale kina mama walihamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, na kufikia 1993 wengi wa wana wao walikuwa huru.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia mtu akiniambia kwamba kuvuliwa ni sawa na kuvua. Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini humu kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu, ati mavazi yake hayafai. Genge lile nalo lilijua mwili una nguvu, na lilikuja kuipora. Mama wa Uhuru Park aliamua mwenyewe saa, mahali na adui. Msichana wa kituoni alinyang'anywa yote matatu. Mwanafunzi asiyeweza kuitenga hali ya kwanza na ya pili hajaelewa maapizo, hata akipata alama zote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kufika kwa Mekatilili wa Menza, aliyezunguka vijiji vya Wagiriama na ngoma ya kifudu kuwaamsha dhidi ya wakoloni, mwaka ule ule wa 1913 Kijumwa alipokuwa akiandika. Nilitaka pia kumsemea Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliyechekwa kwa kaniki alizovaa na kwa sura yake, akajibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Na maiti ya wakili S. M. Otieno, iliyokaa miezi mitano bila kuzikwa mwaka 1987 huku mahakama zikiamua ni ya mke au ya ukoo. Hiyo inahitaji jioni yake.

Maswali nitayapokea, lakini si hivi tulivyokaa. Vijana wa safu ya mbele, sukumeni viti ukutani. Wazee wabaki vitini wakipenda, watatushikia makofi. Wimbo nitaanzisha mimi. Nyinyi itikieni.