Bahari Inapopungukiwa Oksijeni: Ushahidi wa Naitrojeni
(Mhadhara wa wazi, Dar es Salaam)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja, hasa mliotoka Kunduchi, maana foleni ya saa hizi sote tunaijua.

Nianze na lisilo na ubishi. Tangu 1960 bahari za dunia zimepoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yake. Mtu atauliza, asilimia 2 ni kitu gani? Shida ni kwamba hasara hiyo haikugawanyika sawa. Yapo maji ambayo tangu zamani yana oksijeni kidogo mno, na maeneo ya namna hiyo yamekuwa yakitanuka. Mfano uko jirani, kaskazini yetu, Bahari ya Arabuni. Juu samaki tele. Ukishuka kuanzia mita 150 hivi hadi karibu 1,000, oksijeni inakaribia kwisha kabisa. Jodari hana maisha huko.

Kwa nini inapungua? Maji ya moto hushika gesi kidogo kuliko ya baridi, hilo mmefundishwa sekondari. Ila kubwa zaidi ni kwamba maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakabaki juu bila kuchanganyika na ya chini. Huko chini bakteria hawaachi kula mabaki ya viumbe yanayozama, nao wanamaliza akiba iliyopo.

Oksijeni ikiisha, bakteria hawafi. Wanahamia kwenye naitreti, mbolea ya naitrojeni ile ile tunayoitegemea shambani, na kuitumia kupumua. Naitrojeni inageuka gesi, inarudi hewani, na mimea midogo ya baharini inakosa mbolea. Ipo na njia ya pili, ya bakteria wanaounganisha amonia na naitraiti kupata gesi hiyo hiyo. Hao waligunduliwa kwanza kwenye mitambo ya majitaka kule Uholanzi, miaka ya 1990, ndipo wakaja kuonekana baharini. Sehemu nyingine ya naitrojeni hutoka kama naitrasi oksaidi, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Kipimo cha kuaminika cha oksijeni majini alitupatia mkemia Winkler mwaka 1888, na mpaka leo melini kinatumika. Kabla ya hapo hatuna namba. Tutajuaje bahari ilikuwaje miaka milioni iliyopita?

Naitrojeni iko ya aina mbili, nyepesi ya 14 na nzito ya 15. Bakteria hupendelea nyepesi. Fikiria meza ya samaki pale Feri: wateja wa alfajiri huchagua wazuri, na anayefika saa sita mchana, kwa kutazama tu kilichobaki, anajua asubuhi kulikuwa na wateja wengi au wachache. Naitreti inayobaki ikiwa nzito, ujue bakteria walikula sana, yaani oksijeni ilikuwa haba. Mimea midogo hufyonza naitreti hiyo, na viumbe vidogo viitwavyo foraminifera huihifadhi ndani ya magamba yao, ambayo huzama na kukaa kwenye mashapo ya sakafu ya bahari. Meli za utafiti huchimba mashapo hayo na kuyasoma tabaka kwa tabaka.

Majibu yanachanganya, na mimi hapo ndipo ninapopapenda. Katika Bahari ya Arabuni, enzi za barafu, dunia ilipokuwa baridi, oksijeni ilikuwa nafuu. Dunia ilipopata joto, ikapungua. Hiyo inalingana na tunachokiona leo. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Max Planck, Mainz, na wenzao walichapisha vipimo vya magamba kutoka Pasifiki ya tropiki. Vipindi vya joto kali na la muda mrefu, kama miaka milioni 16 iliyopita na milioni 50 iliyopita, vilionyesha kinyume: maji yasiyo na oksijeni yalisinyaa. Maelezo mojawapo ni kwamba pepo za tropiki zilidhoofika, mbolea ya kilindini haikupanda juu, viumbe vikapungua, na bakteria wakakosa cha kula.

Kuna watu wameshalipokea hilo kwa furaha: basi bahari itajiponya! Nawaomba msiwasikilize. Mabadiliko yale yalichukua muda mrefu mno. Naitreti yenyewe hukaa baharini miaka elfu kadhaa kabla ya kuondoka. Mvuvi anahesabu misimu ya kusi na kaskazi. Kwa miongo tunayoishi sisi, mwelekeo uliopimwa ni wa kupungua.

Na pwani yetu? Maji yanayotupitia huletwa na mkondo kutoka upande wa Bahari ya Hindi ya kati, na yana oksijeni nzuri kuliko ya Arabuni. Msichanganye habari hii na ya Mto Msimbazi. Pale mdomoni, majitaka yanaweza kuwanyima samaki hewa bila joto la dunia kuhusika, na dawa yake iko mikononi mwa jiji hili hili. Upande wa naitrojeni tuna bahati: wakati wa kaskazi, bahari ikitulia, huchanua viumbe viitwavyo Trichodesmium, utando wa rangi ya kahawia mnaouona juu ya maji. Hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuirudisha baharini. Wanachohitaji ni chuma na fosforasi, navyo havitoshi, na ndiyo maana hawawezi kufidia kila kinachopotea kule kaskazini.

Karibuni kwa maswali. Mzee pale nyuma, wewe kwanza.