Omaha ya Juu na Chini: Nusu Isikutoshe

Karibuni. Leo nawaletea Omaha ya juu na chini, poka ambayo kitita cha mezani hukatwa vipande viwili: nusu huenda kwa mwenye karata bora za juu, nusu kwa mwenye karata bora za chini. Nachukulia kwamba poka ya kawaida mnaijua, kwa hiyo sitarudia jozi ni nini wala mfululizo ni nini.

Kila mchezaji hugawiwa karata nne za siri. Madau yanawekwa, kisha mezani zinafunuliwa karata tatu za wote, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila zinapofunuliwa watu wanaweka dau tena. Sasa sikilizeni vizuri. Lazima utumie karata mbili za mkononi na tatu za mezani. Si moja, si tatu. Mezani pakiwa na shupaza nne, nawe mkononi una ree ya shupaza bila shupaza nyingine, huna rangi moja (karata tano za aina moja) hapo. Waliozoea Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili za siri, ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu kule karata moja ya mkononi ingewatosha.

Upande wa chini una sharti lake: karata tano zisizofanana namba, na hakuna inayozidi nane. Ree hapa inahesabiwa kama namba moja. Mfululizo na rangi moja havihesabiwi, kwa hiyo ree, mbili, tatu, nne na tano ndiyo chini bora kuliko zote, na papo hapo ni mfululizo kwa upande wa juu. Unaruhusiwa kutumia karata mbili kwa juu na mbili nyingine kwa chini, au zilezile kote kuwili. Mezani pasipokuwa na angalau namba tatu tofauti za nane kushuka, hakuna chini, na mwenye juu anabeba kitita chote.

Nani ana chini bora? Anza kusoma kutoka karata kubwa. Saba-sita-tano-nne-tatu inaishinda nane-nne-tatu-mbili-ree. Naona huko nyuma kuna anayetikisa kichwa. Mwenye nane, ree yake nzuri haimsaidii, nane imeshamwangusha.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo mchezo ulipo. Tuseme mko watatu na kila mmoja ametia 100. Kitita ni 300. Wewe una ree na mbili, umepata chini bora, unapandisha dau kwa furaha. Karata zinafunuliwa: jirani naye ana ree na mbili, na wa tatu ana juu. Wa tatu anachukua 150. Nyinyi wawili mnagawana 150 iliyobaki, 75 kila mmoja. Umeshinda, na umepoteza 25! Mngekuwa wawili tu, naye akawa na chini sawa na yako pamoja na juu, ungetia 100 ukarudishiwa 50. Ndiyo maana nasema ree na mbili zisizo na msaada si karata za kupandishia dau ovyo. Msaada ni kitu gani? Ni njia ya kupata juu pia: ree iliyo aina moja na karata nyingine mkononi, au jozi ya ree. Ree mbili, mbili na tatu, kila ree ikiwa na mwenzake wa aina yake, ndizo karata nne za kuanzia zinazosifiwa kuliko zote, kwa sababu zinawinda kitita kizima.

Hiyo tatu ina kazi nyingine. Una ree, mbili, mfalme na malkia. Mezani panafunuliwa mbili, tano, saba na nane. Mbili yako imekosa thamani, kwa kuwa ipo mezani tayari. Chini yako ni nane-saba-tano-mbili-ree. Mwenye ree na tatu anatengeneza saba-tano-tatu-mbili-ree, anakupita. Ungekuwa na tatu badala ya malkia, ungekuwa naye sambamba.

Karata za katikati, kama sita, saba, nane na tisa, zinapendeza macho ila mimi huzitupa. Mfululizo wake mara nyingi huja pamoja na karata ndogo mezani, na karata ndogo zikiwepo, mwingine anachukua chini. Unalipa madau yote kugombea nusu. Kumi, ghulamu, malkia na mfalme ni afadhali, kwa sharti moja: karata tatu za kwanza zikiwa ndogo, jitoe mapema, hata kama tayari umeweka kitu humo ndani.