Kwenda Kazini kwa Pikipiki, Nguo Zikafika Zimenyooka

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunafungasha nguo za ofisini zisafiri kwa pikipiki na zifike bila mikunjo, bila vumbi, bila doa la mafuta ya cheni. Mezani hapa nina shati jeupe la pamba, suruali ya kitambaa, koti la suti, mkanda, viatu vya ngozi na boksi la nyuma, ambalo nimelifungua kwenye pikipiki ili muone ndani vizuri. Pasi nimeshapiga tangu jana usiku, na hilo lina sababu yake, tutafika.

Kabla sijakunja chochote niweke wazi msimamo wangu: nguo ya ofisi haiendeshi pikipiki. Inabebwa. Najua wapo wanaovaa suti, wanatupia koti la upepo juu, wanawasha na kuondoka. Mikunjo ndiyo shida yao ndogo. Suruali ile nyepesi ukianguka nayo inachanika hapo hapo, na kinachobaki kusuguana na lami ni ngozi yako. Kwa hiyo barabarani vaa koti la pikipiki, suruali nzito yenye vikinga vya magoti, glavu, buti na kofia ngumu. Ukiona kibandiko kimeandikwa EN 17092 kwenye koti au suruali, hicho ni kipimo cha Ulaya cha nguo za waendesha pikipiki. AAA ndilo daraja la juu, inafuata AA, halafu A.

Haya, hatua ya kwanza: punguza vya kubeba. Kitu ambacho hakikusafiri hakiwezi kujikunja. Kama kazini una kabati, au hata msumari nyuma ya mlango, acha pale koti la suti, viatu, mkanda na tai moja ya rangi isiyogombana na mashati yako. Koti la suti kwa kawaida halifuliwi kila siku, na viatu vya ngozi vinafurahi kukaa sehemu moja vikakauka. Hapo kila asubuhi unabaki na shati, suruali na nguo za ndani. Ukiweza, peleka mashati ya wiki nzima kwa mkupuo, siku ambayo unakwenda kwa gari au daladala, ukayatundika kwenye henga. Mimi hii naiona ndiyo njia bora kuliko zote, na kama unaiweza, nusu ya video hii huihitaji.

Hatua ya pili ni kukunja, na hapa nitakwenda polepole.

Kwanza tuelewane mikunjo inatoka wapi. Pasi inanyoosha nguo kwa vitu vitatu: joto, unyevu na mgandamizo. Sasa chukua shati ambalo bado lina mvuke wa pasi, libane chini ya laptopu, liweke kwenye boksi jeusi linalochomwa na jua. Umeshapiga pasi kwa mara ya pili, ila safari hii umepiga mikunjo. Ndiyo maana nilipiga pasi jana: nguo imelala kwenye henga, imepoa, imekauka kabisa.

Shati. Funga kifungo cha juu, ruka kimoja, funga cha tatu, na cha tano. Lilaze kifudifudi, lipapase kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni. Sasa chukua mfuko mwepesi wa plastiki, ule laini unaofunikia nguo kwa dobi, utandaze juu ya mgongo wa shati. Kazi yake ni kufanya kitambaa kiteleze. Kitambaa kikigusana na kitambaa kinashikana, na pale kinaposhikana ndipo panapovunjika. Kunja upande mmoja uje katikati, mkono uunyooshe kuelekea chini. Upande wa pili vivyo hivyo.

Angalieni mkunjo wa kulala. Wengi hukunja shati katikati, na alama inatokea kifuani, mbele ya kila mtu. Mimi naanza kwa kukunja pindo la chini, kiganja kimoja na nusu hivi, sehemu ambayo itachomekewa ndani ya suruali. Kisha nakunja tena mara moja, na mkunjo huu unaangukia karibu na kiuno. Alama itakuwepo, lakini itakaa jirani na mkanda, si chini ya kola. Halafu mkanda wenyewe nauviringisha, naupachika ndani ya kola. Kola inasimama, na mkanda umepata nafasi ya bure.

Suruali ifuate mstari wake wa pasi. Linganisha miguu yote miwili, tandaza taulo dogo juu yake, kisha viringisha kuanzia chini kwenda kiunoni, taulo likiwa ndani. Taulo linazuia suruali isivunjike kwa kona kali, na utalihitaji ukifika.

Koti, kwa ambaye lazima alibebe: ingiza mkono ndani ya bega moja, ligeuze nje-ndani. Bega la pili liache lilivyo, lisukumie ndani ya lile ulilogeuza, mabega yalaliane. Sasa bitana ndiyo iko nje, na kitambaa kimejificha. Kunja mara moja tu kwa upana, katikati weka mfuko mwingine wa plastiki. Koti la sufi litakusamehe mengi, kwa sababu nyuzi za sufi hurudi zenyewe zikitundikwa penye mvuke kidogo. Kitani hakisamehi. Ukipenda kitani, kiache kazini. Na kama bado hujanunua nguo za kazi, shati la pamba lililochanganywa na poliesta linasafiri vizuri kuliko pamba tupu, ingawa siku ya joto utaisikia tofauti yake mwilini.

Hatua ya tatu, kufungasha. Begi la mgongoni mimi silipendi kwa kazi hii. Linabana koti mgongoni, unatoka jasho, jasho linapenya begi, na kila breki inazisogeza nguo chini mpaka zinakuwa fungu. Tena kama ndani kuna kitu kigumu, ukianguka utakiangukia kwa uti wa mgongo. Boksi la nyuma ni bora, ila soma kibandiko cha ndani kinachotaja uzito wa mwisho, na usizidishe, maana mzigo mzito nyuma kabisa unaufanya usukani uwe mwepesi na pikipiki iyumbe.

Panga hivi: viatu chini, kila kimoja kwenye mfuko wake, soli zikitazama nje, soksi ndani ya viatu. Laptopu isimame pembeni. Suruali juu ya viatu. Shati na koti juu ya vyote, visigandamizwe na kitu. Nafasi ikibaki tupu, jaza kwa taulo, kwa sababu boksi lenye nafasi ni boksi linalotikisa. Hata kama boksi limeandikwa halipitishi maji, nguo zote ziingie kwanza kwenye mfuko wa kuzuia maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa kwa kishikizo. Vumbi laini nalo hupita kwenye mpira wa mfuniko uliochakaa, na vumbi kwenye shati jeupe likikutana na jasho linaacha mstari.

Barabarani sina mengi. Koti la mvua liwe mahali unapolifikia bila kufukua nguo za ofisi. Livae ukiona wingu, usisubiri tone. Mkono wa koti la mvua upite juu ya glavu, maana mikono ikishika usukani inateremka kwenda mbele, na maji yanafuata mteremko huo. Glavu ikiwa juu inageuka bakuli. Suruali ya mvua kwanza huvujia pale mapajani, maji yanapotuama ukiwa umekaa, kwa hiyo kagua mishono ya hapo kabla ya masika. Na iweke mbali na bomba la moshi. Nailoni ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 220 za Selsiasi hivi, poliesta kwenye 250 au 260, na bomba karibu na injini linaweza kupita hapo. Kuna bomba zimebeba ramani ya suruali ya mtu mpaka leo.

Kitu kingine, na hapa sitanii. Mtandio, skafu, tai, kanga, gauni refu, chochote kinachoning'inia, kiingize ndani ya koti na ukifungie zipu, hata ukiwa abiria. Gurudumu la nyuma na cheni vikikamata ncha ya kitambaa havikupi muda wa kupiga kelele. Sketi na gauni zisafiri kwenye boksi. Nywele ndefu zisukwe mkia mmoja chini ya usawa wa kofia na ziingie ndani ya koti. Chini ya kofia vaa kofia nyembamba ya pamba inayofulika: inanyonya jasho, inalinda nywele, na kola haitakutana na uchafu wa kamba ya kidevuni. Vipodozi utapaka huko huko.

Sasa umefika. Hatua ya nne ndiyo watu wanayoiharibu, kwa sababu wanafika na dakika mbili mkononi. Jipe robo saa. Vua kofia, vua koti, kaa. Mwili unaendelea kutoa jasho hata baada ya kuzima injini: joto bado limo, na upepo uliokuwa unakupoza haupo tena. Ukivaa shati sasa hivi, mgongo utachora ramani yake kabla hujafika kwenye kiti.

Cha kwanza kabisa, nawa mikono. Tazameni viganja vyangu. Glavu nyeusi zikipata jasho au mvua hutoa rangi, na rangi hiyo imejificha kwenye mistari ya vidole na pembeni mwa kucha. Ukishika kola jeupe na vidole hivi, umeacha muhuri. Sabuni, mpaka maji yatoke meupe. Kisha lowanisha ncha ya taulo, weka shingoni na kwenye vifundo vya mikono, futa kwapa, jikaushe. Fulana uliyokuja nayo itundike, vaa nyingine kavu, paka dawa ya kwapa, ndipo lije shati.

Kama kuna mkunjo umebaki, lowanisha vidole kidogo, upapase, ulivute shati kwa chini, ulivae. Joto la mwili litamaliza. Mashine ya kukaushia mikono chooni nayo inasaidia, ukivumilia macho ya watu.

Kwa mwenye safari fupi na asiye na pa kubadilishia, ipo njia ya kati: suruali ya pikipiki ya kuvaa juu, yenye zipu ndefu ubavuni toka kiunoni hadi kifundo, ukubwa uliozidi wako kwa namba moja. Unaivua bila kuvua buti. Itakulinda na vumbi na mafuta, lakini nyuma ya magoti mikunjo itakuwepo. Kubali hilo mapema.

Jioni, geuza mpango wote. Nguo za ofisi zivuliwe kazini, shati chafu kwenye mfuko wake, koti lirudi kwenye henga. Ukifika nyumbani cheni bado ina moto wa safari, na hiyo ndiyo saa ya kuipaka mafuta, injini ikiwa imezimwa, gurudumu ukilizungusha kwa mkono. Subiri kidogo, futa yaliyozidi kwa kitambaa, acha yashike usiku kucha. Ukipaka asubuhi ukaondoka, nusu yake itarushwa kwenye rimu, na nusu nyingine kwenye mguu wa suruali.