Mwalimu, Tumekosa Nini?

Habari zenu wanangu, karibuni sana hapa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Nimeombwa niwaeleze nyinyi wa mwaka wa kwanza vile kozi ya ualimu wa kilimo huwa, na mimi nitaanzia kwa jembe.

Nilipokuwa TP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, wiki ya kwanza tu, nilitoa kidato cha pili darasani tukashika majembe tukaenda shambani, msichana mmoja akanikaribia akaniuliza polepole, "Mwalimu, tumekosa nini?" Hakuwa anacheza. Kwa ile shule shamba lilikuwa la wenye wamechelewa na wenye wamepiga kelele prepu, basi. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma.

Na hiyo kitu ina mizizi. Hapa Egerton kilimo kimefundishwa tangu 1939, lakini wakati huo ilikuwa shule ya vijana wa Kizungu, walowezi, Mwafrika alikuwa wa kulima tu bila kuelezwa ni kwa nini. Diploma zikaja 1950, chuo kikuu kamili 1987. Sasa nyinyi mko hapa mnaelezwa hiyo kwa nini, na mkitoka mwende mkaieleze.

Miaka minne mtasoma udongo, mimea, mifugo, mashine, uchumi wa shamba, halafu yuniti za edukesheni zenye wengi huzidharau eti ni za kupitisha wakati. Msizidharau jamani. Kujua udongo ni kitu kimoja, kumfanya mtoto wa miaka kumi na tano aujali ni kitu kingine kabisa, na una dakika arobaini, na kutembea hadi shambani na kunawa mikono kumeshakula kumi.

Yule msichana nilimpa udongo kiganjani. Tukatia maji kidogo, akaukanda kama unga wa chapati, akausukuma na kidole gumba juu ya kidole cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika mapema una mchanga mwingi, ukienda mrefu ni mfinyanzi. Wake ukaenda, ukaenda, akashika pumzi usikatike! Halafu akasema, kumbe ndio maana maji husimama kwetu. Hakuna mtu alikuwa amemwambia, alijionea mwenyewe na vidole vyake.

Kitu kingine, project ya kilimo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kuna karatasi mbili za kuandika halafu kuna project, mwanafunzi anapanda au anafuga mwenyewe kwa miezi na kuweka rekodi, na wewe ndiye unampa maksi. Kuna walimu hukaa stafrumu wakapika hizo maksi bila kukanyaga shamba. Tafadhali usikubali kuwa huyo, hata kama shule haina maji na sukuma wiki zimekauka, andika zimekauka na muulize mtoto zilikauka wiki gani na kwa nini, hapo ndio somo lenyewe liko.

Haya, kesho asubuhi tunaanzia zizi la ng'ombe wa maziwa. Mje na gamboti, kumenyesha.