Kuhamishia Windows 11 kwenye ubao mama mpya bila kuisakinisha upya

Assalamu alaikum, watazamaji. Kompyuta iliyo mbele yenu imekaa miaka katika duka moja la mtaa wa Langoni, hapa Lamu, na hewa ya chumvi imeila. Tazameni pembeni mwa tundu za USB: unga huu wa kijani ni kutu ya shaba. Mashine ingali inawaka, ingawa hujizima ovyo, kwa hiyo tutabadilisha ubao mama, yaani ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote vya ndani, na kuiacha Windows katika diski yake ileile, pamoja na programu na hesabu zote za duka.

Msikimbilie bisibisi. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa wakati ubao wa zamani ungali hai. Nakilini kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha mchunguze kama diski ya ndani imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski kwa siri, kwani Windows yaweza kuifunga yenyewe pasipo mwenyewe kujua. Ufunguo wa kufuli hiyo hulindwa na chipu ya TPM iliyomo katika ubao wa zamani. Ubao mpya una chipu yake, nao utakapowashwa utadai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nazo amepoteza mafaili yaliyomo katika diski hiyo, na hakuna fundi atakayemfungulia. Fungueni dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, mwandike manage-bde -protectors -get C: halafu mzinukuu tarakimu hizo kwa kalamu na kuzihakiki moja moja. Mimi huizima BitLocker kabisa na kungoja hadi diski nzima ifunguke, hata ikichukua saa kadhaa.

Unganisheni pia leseni ya Windows na akaunti yenu ya Microsoft, na mpakue draiva ya mtandao ya ubao mpya, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho, kwenye flashi, maana bila hiyo huenda intaneti isipatikane.

Sasa zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, mbadilishe ubao. Kabla Windows haijawaka, ingieni katika BIOS, mipangilio ya ubao wenyewe, na mhakikishe kuwa njia ya kuwashia, UEFI, na hali ya diski, AHCI au RAID, ni zilezile za awali. Hali ya diski ikibadilika, Windows huweza kusimama na ujumbe INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Mwasho wa kwanza huwa mzito, na mashine yaweza kujizima na kujiwasha, iacheni. Ikitulia, wekeni draiva, kisha mfungue kitatuzi cha uamilishaji (Activation Troubleshooter), kinachosaidia Windows kuitambua tena leseni yake, na kuchagua kuwa mmebadilisha vifaa hivi karibuni. Leseni iliyonunuliwa peke yake huhamishika. Ile iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufungamana na ubao wake, kwa hiyo mwenye duka aambiwe mapema kwamba huenda akalazimika kununua nyingine.

Mkiiwasha BitLocker tena, andikeni ufunguo mpya, na ile karatasi ya kwanza ichanwe, kwa sababu haifungui tena chochote.