Singeli Kwenye Santuri: Kupanga Pande Nne Bila Sindano Kuruka

Karibuni wadau. Mfano wetu leo ni albamu ya DJ mkongwe wa singeli: nyimbo 20, dakika 70, karibu zote BPM (mapigo kwa dakika) 200 kwenda juu, na mwenyewe anataka santuri mbili za inchi 12. Inawezekana, na ikitoka vizuri utailinda kama mtoto. Tangu Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, muziki huu wa vigodoro vya Dar una wasikilizaji mbali sana na Tandale na Mburahati. Tuutendee haki.

Hesabu kwanza. Dakika 70 kwa pande nne ni 17 na nusu kila upande. Safi. Ukifika dakika 22, mchongaji, yaani fundi anayekata mifereji ya muziki kwenye santuri, analazimika kuibananisha, na ili ibanane lazima ashushe sauti. Singeli ya sauti ndogo ya nini? Kaeni chini ya 18.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo DJ wa zamani anapobisha. Kwenye ngoma unapandisha moto mpaka mwisho, sivyo? Santuri inataka kinyume. Inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika kuanzia ukingoni hadi kwenye lebo, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Sekunde moja ya muziki kule mwanzoni inapata karibu sentimita 50 za mfereji. Karibu na lebo inapata kama 21. Hai-hati (matoazi ya ngoma) zilezile, MC yuleyule, nafasi isiyofika nusu. Sindano inashindwa kufuata kona na unasikia mchakacho. Kwa hiyo wimbo mkali kuliko yote uanze upande, na ule wenye kinanda cha taarabu na ngoma chache ufunge. Mkongwe asinune: ana pande nne, basi ana mianzo minne ya moto.

Fungua FL Studio, programu yetu ya kutengenezea muziki, bonyeza F9, miksa hiyo hapo: ndipo kila sauti ina chaneli yake. Subiri, taa inaakisi kwenye skrini, nasogeza kamera. Haya, mnaona sasa.

Kiki (ngoma nzito ya chini) na besi lazima ziwe mono, yaani kushoto na kulia zitoe sauti ileile. Besi ikitofautiana kushoto na kulia, sindano inasukumwa juu na chini badala ya pembeni; mfereji unakuwa mwembamba mahali fulani na sindano inaruka. Chagua chaneli ya kiki, tafuta kitufe cha kuzungusha cha upana wa stereo, zungusha KULIA mpaka mwisho. Kulia! Ukienda kushoto unaipanua, yaani umefanya kinyume kabisa, na kwenye spika ndogo hutasikia kosa. Usiamini mkono, soma maandishi juu kushoto: yaandike "merged". Yakiandika "separated", rudi. Sasa besi, vilevile kulia. Soma tena.

Oneni hapa, besi ya wimbo huu imepotea tulipoibana. Hiyo ina maana kushoto na kulia zilikuwa zinapingana, zikikutana zinafutana. Usiongeze sauti, haitarudi. Chukua upande mmoja tu wa hiyo sampo (kipande cha sauti kilichorekodiwa), uuweke katikati. Sikiliza... imerudi, na nzito.

Lupu za taarabu sasa, yaani vipande vinavyojirudia. Lupu ya BPM 110 ukiikimbiza mpaka 220 bila kulinda toni, kila kitu kinapanda oktavu moja: "s" ya mwimbaji iliyokuwa hezi 6,000 iko 12,000. Weka Parametric EQ 2, kifaa cha FL Studio cha kupandisha na kushusha masafa ya sauti, shusha desibeli 2 au 3 pale kwenye 12,000, na kuanzia 15,000 kata taratibu. Sauti ya MC haikukimbizwa, kwa hiyo yeye mpunguzie "s" kati ya 5,000 na 9,000. Mimi napenda singeli ichome masikio, lakini sindano ina mipaka.

Limita kwenye chaneli kuu, ile inayobana vilele vya sauti, zima. Kilele cha sauti kiishie desibeli 3 chini ya sifuri. Mchongaji atapandisha mwenyewe. Umezima? Kabla ya kutoa faili rudi kwenye kiki, angalia kile kitufe bado kiko kulia.

Ctrl+R, WAV, biti 24, na pale kwenye mkia wa wimbo chagua "Leave remainder" ili mwangwi usikatwe. MP3 usitume kabisa. Kisha panga nyimbo za upande mmoja kwenye faili moja, sekunde 2 kati ya wimbo na wimbo, na uandike karatasi ya muda: wimbo gani unaanza dakika ngapi na sekunde ngapi. Faili nne, karatasi nne. Majina yaanze na A, B, C, D.

Kiwanda kikileta nakala za majaribio, sikiliza pande zote nne mpaka mwisho, kwenye pleya nzuri na kwenye ya bei rahisi. Dakika tatu za mwisho za kila upande zisikilize mara mbili. Mchakacho ukiwa kwenye nakala zote mahali palepale, tatizo liko kwenye mchongo, usisaini kuruhusu kiwanda kiendelee. Ukiwa kwenye nakala moja tu, futa vumbi kwanza uweke tena.